Kinga za Mwalimu Kalunde

Nilimchukia Kalunde Mutinda kabla hajafungua mdomo, na katika ukumbi ule sikuwa peke yangu. Ilikuwa Jumanne moja ya Februari 1998, saa kumi na moja jioni, nyuma ya kanisa letu mjini Machakos. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja wa klabu ya judo, tumesimama bila viatu kando ya magodoro makuukuu yaliyofunikwa turubai, tukimngoja mwalimu mpya. Yule wa kwanza, polisi mmoja mpole, alikuwa amehamishiwa Garissa. Mzee Ndungu, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alikuwa ametuahidi mtu mwenye mkanda mweusi. Hakutuambia kwamba mtu huyo ni mwanamke.

Aliingia nyuma ya Mzee Ndungu. Alikuwa mfupi, mabega mapana kama ya mbeba magunia, miaka thelathini na saba hivi, nywele amezikata zikakaribia ngozi. Alitoka Mitaboni, alikoishi na mamake na kulima mahindi na maharagwe, lakini kabla ya hapo alikuwa askari jela kwa miaka kumi na miwili, na huko ndiko alikojifunza judo. Mzee Ndungu, muuza nafaka aliyetoka Murang'a akiwa kijana na kuzeekea mjini kwetu, alimtambulisha kwa maneno machache kama mtu anayetua mzigo, kisha akaenda zake.

Kalunde hakutusalimu. Alitupitia mmoja mmoja kwa macho, akasema, "Nani hapa amevaa kinga?"

Tukatazamana.

"Kinga gani?" akauliza Rodgers Muli. Rodgers alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu mkubwa, mcheshi, na tangu polisi aondoke yeye ndiye tuliyemfuata. Kusema kweli alitarajia kazi ya kutufundisha apewe yeye.

"Ya kinena," akasema Kalunde. Akashusha mkono akaonyesha, juu ya suruali yake nyeupe ya judo, mahali alipomaanisha. Hakuona haya hata kidogo. Ungedhani anamwelekeza mgeni posta. "Ya kulinda kile mama zenu waliwaambia mfunike. Hakuna? Haya. Niko na wiki moja ya kuwavumilia. Jumanne ijayo asiye na kinga hakanyagi mkeka."

Mtu akacheka, wote tukafuata. Rodgers akajipangusa machozi. "Mwaitu," akasema, neno tunalomwitia mama zetu, "mambo ya huko chini wewe unayajulia wapi?"

"Mimi si mwaitu wako. Niite mwalimu. Na kwa vile umecheka kuliko wengine, njoo mbele."

Alimwangusha mara tatu. Mara ya tatu alishuka naye, goti lake likapita katikati ya mapaja ya Rodgers na kusimama kwenye turubai, upana wa kidole kutoka pale penyewe. Akabaki hivyo makusudi ili sote tuone. "Nikiteleza kidogo hapa, huyu ameisha," akasema. "Na mtu huteleza." Halafu akasimama. "Na msiniletee zile ngumu za plastiki wanazovaa watu wa karate. Karate ni mateke, teke linataka kitu kigumu. Sisi tunabanana chini. Ukivaa kitu kigumu kiunoni anayeumia ni mwenzako. Nataka ngozi na sponji. Mmesikia? Ngozi na sponji."

Tulisikia. Sote kumi na mmoja tulisikia.

Kisha akauliza kama kati yetu kuna fundi wa viatu, na vidole kumi vikanielekea mimi.

Naitwa Mutua. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kushona viatu nyuma ya safu za wauza mboga sokoni, na mke wangu Nduku aliuza sukuma na nyanya hatua kama ishirini kutoka kwangu. Siku iliyofuata, saa sita mchana, Kalunde alitokea akiwa na umbo alilolikata kwenye gazeti. Wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi wakingoja viatu vyao. Alilitandaza lile gazeti juu ya goti langu mbele yao.

"Mbele weka ngozi mara mbili," akasema. "Katikati sponji ya godoro. Mikanda miwili ipite nyuma, mmoja kiunoni. Na mshono uwe nje, usiwe ndani, la sivyo utawakwaruza."

Mmoja wa wale wanawake akanyoosha shingo. "Ni nini hiyo? Ni ya mtoto?"

"Ni ya mume wako," Kalunde akamjibu, "kama anacheza judo."

Wanawake wale walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya kibanda. Kalunde hakucheka. Alihesabu kwa vidole, akaniambia anataka kumi na moja kabla ya Jumanne, akaondoka. Kabla sijafunga kazi soko zima lilikuwa limeipata habari, na jioni Nduku hakunipakulia chakula mpaka aniulize.

"Kwa hivyo kuna mwanamke anawapanga mstari, anawaangalia huko chini."

"Haangalii."

"Basi atajuaje kama mmevaa?"

Jibu nililipata Jumanne. Alitupanga mstari kweli. Akapita mbele yetu mikono nyuma, na kwa kila mmoja akasema neno moja: "Jigonge." Yaani ukunje ngumi ujipige mwenyewe, pale pale, mbele yake. Aliyevaa kinga alijipiga sawasawa, ikasikika puu. Asiyevaa aliushusha mkono polepole kama anayemgusa nyoka, na Kalunde akamwonyesha mlango. Siku hiyo watatu walitolewa. Mmoja wao alikuwa na watoto watano na ndevu zenye mvi, na sitasahau jinsi alivyopita mbele yetu na viatu mkononi.

Zile kinga zenyewe zilikuwa nzuri, hilo nalikubali kwa sababu nilizishona mimi. Zilileta joto, na mikanda ya nyuma ilisumbua mpaka ngozi ilipolainika, lakini baada ya wiki mbili ulikuwa unazisahau. Kabla ya kinga hizo hakukuwa na mwezi uliopita bila mtu kujikunja pembeni ya mkeka akiwa amefumba macho. Baada yazo hakuna aliyejikunja. Hatukulisema jambo hilo. Tulipokaa kunywa chai kwenye hoteli ya jirani tulisema zinawasha, zinatia aibu, ni nepi. Tulimbandika jina, Daktari wa Mafahali, kwa maana ya yule mtu anayeitwa bomani kuhasi ng'ombe. Rodgers ndiye aliyelitunga, na lilifika mpaka Mitaboni kabla yake.

Naye hakutusaidia kumpenda. Hakuwahi kumsifu mtu. Mimi aliniambia nashika ukosi wa mtu kama ninayepapasa mbuzi wa kununua. Wambua, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtaratibu ambaye ndiye pekee aliyemwamkia kila siku, alimwambia adabu yake ingemfaa zaidi kanisani. Mazoezi yakiisha tulivaa viatu tukatoka, tukamwachia magodoro. Aliyabeba peke yake, moja moja, akayaegemeza ukutani, akafagia, akafunga ukumbi, akaupeleka ufunguo kwa Mzee Ndungu. Hata siku moja hakutuomba tumsaidie.

Mwezi wa tano Rodgers alikuja na habari. Alikuwa na binamu aliyefanya kazi Magereza. Alingoja tuwe tumeketi wote kwa kupumzika, Kalunde akinywa maji, akasema kwa sauti ya juu, "Mwalimu, hebu tuambie Sajini Kioko yuko wapi siku hizi."

Kalunde alifunga chupa yake ya maji. Alikawia kuifunga.

"Kioko yuko kwao Mwala," akasema. "Anafuga mbuzi. Alikuwa mwenzangu wa mazoezi mwaka wa tisini na nne. Tulianguka pamoja, goti langu likamwingia. Walimpasua mara mbili, hospitali mbili. Hana mtoto na hatapata. Mkewe alirudi kwao. Mamake alikuja mpaka lango la jela akasimama, akanilaani kwa jina, na askari wenzangu walikuwa wanasikiliza. Mume wangu naye alisikia, akaogopa, akaenda. Nikaacha kazi." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Ulitaka nikuambie nini kingine, Rodgers? Hakuwa amevaa kitu. Hakuna aliyekuwa amevaa. Mkubwa wetu alisema kinga ni za waoga. Ndiyo sababu ninyi mtavaa, mpende msipende. Simameni."

Ningependa kusema kwamba siku hiyo tulimwelewa. Ukweli ni kwamba tulimchukia zaidi. Mpaka hapo alikuwa mwanamke mkali tu. Sasa alikuwa mwanamke aliyemharibu mwanamume, na kila aliposhuka nawe kwenye mkeka ulilikumbuka goti lake. Rodgers alikasirika kuliko sote, kwa sababu alikuwa amelitupa jiwe lake kubwa kuliko yote na mtu hakuyumba.

Wiki tatu baadaye Rodgers alinijia kibandani. Alikuwa amebeba kitu ndani ya mfuko wa saruji. Akakitoa akakiweka juu ya fuawe yangu. Alikikata kutoka boneti la lori na kukifinyanga kwa nyundo mpaka kikawa kama bakuli dogo lenye ukingo. Kazi safi, usingeona alama ya nyundo.

"Nivalishie ngozi," akasema. "Ifanane na zile zingine."

"Alisema zisiwe ngumu."

"Najua alivyosema. Nataka tu siku moja goti lake ligonge chuma. Aruke kidogo. Basi."

"Na kama ataumia?"

"Ataumia nini? Si yeye ndiye anataka tuvae kinga? Nimevaa." Akacheka, akanipiga bega. "Au na wewe siku hizi ni mtu wake?"

Nilikishona. Sikushikiwa panga. Niliketi pale nikakata ngozi, nikaweka tabaka jembamba la sponji juu ili kisitoe sauti mtu akijigonga, nikashona kwa uzi wangu wa kahawia nilioupaka nta, mshono nje, kama alivyonifundisha. Nilifikiria yale maneno ya mbuzi. Nilifikiria wanawake wa benchi na Nduku anavyonitazama nikitoka nyumbani na mfuko wa nguo za judo. Nilipomaliza nilikipapasa nikaona kwamba mtu asingekitambua, na kwa hilo nilijivuna.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba ilikuwa siku ya majaribio ya mikanda. Mzee Ndungu alikuja na wanakamati wawili, wakaketi kwenye viti vya plastiki karibu na mlango. Tulijigonga, puu, puu, mpaka mwisho wa mstari. Rodgers alijigonga kama wengine, akapita.

Katikati ya majaribio Kalunde alitaka kuonyesha kufuli ya mkono. Kwa asiyejua, ni hivi: unalala chali, unaubana mkono wa mwenzako katikati ya mapaja yako, kiwiko chake kinalala juu ya kinena chako, nawe unashika kifundo cha mkono na kuinua kiuno. Kiwiko kinaanza kupinda upande kisikopinda. Mwenzako akisikia maumivu anapiga mkeka mara mbili na wewe unaachilia. Kwa kawaida maumivu huja polepole, kwa sababu chini ya kiwiko kuna nyama, au ngozi na sponji, na hivyo hubonyea. Mtu mzoefu anajua amebakiza kiasi gani. Kalunde alikuwa amefungwa kufuli hiyo mara elfu, na siku zote alitupa mkono wake mwenyewe ili tujifunzie.

"Rodgers," akasema, "njoo ufunge. Taratibu. Nataka mzee aone mtu anatakiwa apige mkeka wakati gani."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeihesabu nafasi hiyo mara nyingi tangu siku ile: alipotoa mkono, alipolala, Rodgers alipopitisha mguu juu ya uso wake, alipobana magoti. Rodgers mwenyewe, nadhani, hakuwaza juu ya kiwiko. Kichwani mwake alikuwa na goti tu. Mimi niliwaza. Mimi ni fundi, najua kitu kikilazwa juu ya fuawe na kukandamizwa kinafanya nini.

Rodgers aliinua kiuno. Kalunde aliinua mkono wa pili ili apige mkeka, lakini haukufika. Kiwiko kililia kama ukuni mkavu.

Alitoa sauti moja fupi, halafu basi. Rodgers alimwachilia akabaki ameketi, mdomo wazi. Kalunde akajikokota akapiga magoti mbele yake, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake, na kwa vifundo vya mkono wa kushoto akamgonga Rodgers pale kinenani, kwa nguvu, mara mbili. Sponji ilikuwa imeshabonyea, kikalia kama karai.

Suruali ya Rodgers ilikuwa imeshuka kidogo katika kubanana na ukingo wa kinga ulionekana. Kalunde akaushika kwa vidole viwili, akauvuta, akautazama. Kisha akageuza kichwa, si kwa Rodgers.

"Mutua," akasema. "Uzi huu ni wako."

Niliangalia turubai.

Walimpeleka hospitali kwa gari la Mzee Ndungu, ambalo lilinuka maharagwe na dawa ya wadudu. Wambua alienda naye. Sisi wengine tulibaki ukumbini bila kujua la kufanya, mwishowe tukakusanya magodoro tukayaegemeza ukutani.

Kamati iliketi baada ya wiki mbili, Jumapili alasiri, ibada ikiwa imekwisha. Kalunde alikuja na mkono kwenye plasta kutoka begani hadi vidoleni, gauni lake la kanisani limefumuliwa mshono ili upite. Akakaa kwenye benchi peke yake. Sisi tulikaa upande wa pili.

"Mimi neno langu ni moja," akawaambia wazee. "Siku ya kwanza niliwaambia ngozi na sponji, nikawaambia zisiwe ngumu. Na sababu niliwapa. Waulizeni hawa kama nadanganya."

Mzee Ndungu akaanza na Rodgers.

"Alisema kinga," Rodgers akajibu. Alikuwa amenyoa, amevaa tai. "Nikatengeneza kinga. Mimi ni fundi wa chuma, mzee, ningetengeneza kwa nini?"

"Hakusema zisiwe ngumu?"

"Mimi sikusikia hivyo."

Akauliza wa pili. Naye hakusikia. Wa tatu alisema siku hiyo alichelewa, na haikuwa kweli. Wakaendelea hivyo mstari wote, mtu baada ya mtu, wengine wakimtazama Rodgers kabla ya kujibu. Wambua ilipofika zamu yake alisimama, ingawa wengine walijibu wameketi. "Alisema," akasema. "Alirudia mara mbili. Sote tulikuwepo." Mtu nyuma yangu akasonya.

Nilikuwa wa mwisho.

"Wewe fundi," Mzee Ndungu akasema, "wewe ndiye uliyezishona zote. Mwalimu alikuambia nini?"

Kalunde alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba. Alinitazama jinsi alivyotazama mtu anayekuja kujigonga, kuona kama kuna kitu au hakuna.

"Sikumbuki vizuri, mzee," nikasema. "Ni siku nyingi."

Mama Kavata, mkuu wa kikundi cha akina mama kanisani, ndiye aliyesema yaliyobaki. Alisema tangu mwanzo haikumpendeza mwanamke kusimama mbele ya waume za watu akitaja sehemu zao, akiwaambia wajipige. Alisema mambo yakianza na aibu huisha na ajali. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ikaamuliwa kwamba Kalunde ashukuriwe kwa huduma yake, na kinga zisivaliwe tena ndani ya ukumbi wa kanisa.

Kalunde alisimama. "Mwaka wa tisini na nne nilisimama mbele ya mkubwa wangu nikasema goti ni langu," akatuambia. "Hakuna aliyenilazimisha. Ninyi hamwezi hata kusema mlisikia neno." Akaurekebisha ukanda wa kitambaa uliobeba mkono wake, akatoka. Rodgers alinong'ona kitu kuhusu mafahali na watu wawili wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali.

Rodgers akawa mwalimu wetu. Wambua aliendelea kuja, kwa ubishi nadhani, na aliendelea kuvaa kinga yake, mpaka Rodgers alipomsimamisha mlangoni. "Vua hiyo nepi. Kamati imesema." Wambua akaivua pale pale nyuma ya mlango, akaikunja akaitia kwenye mfuko wake wa vitabu. Mwezi wa kumi na moja Rodgers alimtupa vibaya, akamwangukia kinenani na kisigino. Wambua alilazwa wiki nzima. Alipona, na baadaye alioa na kupata watoto, lakini ukumbini hakurudi na njiani alitupita kama nguzo. Watu wakaanza kukosa siku, wakawa sita, wakawa wanne. Kabla ya Pasaka Mzee Ndungu akatoa magodoro, na ukumbi ukakodishwa kwa harusi.

Nilikaa na jambo lile miaka minne. Nduku ndiye aliyenisukuma. Yeye aliyeanza kwa kumwonea Kalunde wivu alikuwa amegeuka pole pole, hasa baada ya kukutana na mamake Kalunde sokoni akinunua nyanya mbilimbili. Siku moja akaniambia kwamba kaka yake, ambaye alikuwa mlinzi wa lango kule Athi River, anafundishwa na mwanamke mwenye mkono uliopinda. "Nenda," akasema. "Mimi nimechoka kulala na mtu asiyekumbuka."

Nilishona kinga kumi. Niliweka kazi yangu yote humo, ngozi laini ya ndama, sponji mpya. Nikazifunga kwenye gazeti nikaenda.

Kampuni ya walinzi ilikuwa na kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala, karibu na reli. Wanaume kama thelathini walikuwa wameketi chini kwa safu. Kalunde alikuwa mbele, amenenepa kidogo, filimbi shingoni. Mkono wa kulia ulikaa umekunjika kama umebeba kikapu. Aliniona nikiwa bado mbali na hakuacha alichokuwa anasema. Alipomaliza aliwaambia wapumzike, akanijia.

"Sema."

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Nilikumbuka. Siku ile kwa kamati, nilikuwa nakumbuka kila kitu. Na kile chuma nilikishona nikijua."

"Hilo najua. Niliujua uzi." Akaangalia mfuko wangu. "Na hizo?"

"Kinga. Kumi. Za watu wako. Ni zawadi."

Hakunyoosha mkono. Nyuma yake mmoja wa walinzi alikuwa anajirekebisha, na nikaona kinga yake kiunoni: ngozi ngumu, kazi ya haraka, mshono umewekwa ndani. Sikuweza kujizuia.

"Mwalimu, fundi wako ameweka mshono ndani. Zitawakwaruza."

"Zinawakwaruza. Wananilalamikia kila siku."

"Basi chukua hizi."

"Mutua," akasema, na hakupandisha sauti, "mamangu alipougua mwaka jana nilimwinua kitandani kwa mkono mmoja. Alikuwa anateleza. Kila nikimwinua alikuwa anateleza, na kila mara nilikufikiria wewe. Si Rodgers. Rodgers ni mjinga." Akakipuliza kidogo kipenga chake kutoa vumbi. "Zile mbaya nikiziangalia najua kilichomo ndani. Zako nitalazimika kupasua kila moja nione. Rudi nazo."

"Na msamaha?"

"Umeniomba, nimesikia. Mimi nikiambiwa jambo husikia."

Akanigeuzia mgongo akawapigia wanaume wake filimbi wasimame.

Nilizibeba zote kumi mpaka Machakos. Nduku aliuliza, nikamweleza neno kwa neno, naye hakunitetea. Baada ya mwezi alizichana akatoa sponji akatengeneza mito ya viti vyetu, na ile ngozi ya ndama nikaimalizia kwa viatu vya watoto.

Kalunde alifundisha Athi River hadi mwaka 2007, kisha akarudi Mitaboni kwenye shamba la mamake. Huja sokoni siku za Jumatatu. Akiwa na kiatu kilichokatika hupita mbele ya kibanda changu akakipeleka kwa fundi mwingine aliye mwisho wa safu, mtu asiyejua kupaka uzi nta.